Tiketi ya kuizunguka dunia: nauli imepangwa vizuri, mwili haukuulizwa

Tiketi ya kuizunguka dunia inauzwa kwa ahadi moja: lipa mara moja, ondoka kwa upande mmoja, rudi nyumbani kwa upande wa pili. Kama nauli, ni bidhaa nzuri. Kama ratiba ya mwili wa binadamu, ina hatari zake, kwa sababu inamkabidhi mnunuzi vipande 16 vya safari, kila kipande ndege moja, na haimwambii popote kwamba vinane au tisa vingemtosha. Wengi wanaorudi wakiilaani tiketi hii hawakuonewa na nauli. Walijipangia wenyewe vituo 12 ndani ya wiki 8, wakavuka Pasifiki wakiwa na deni la usingizi, kisha wakaichukia nchi waliyotua kwa makosa yasiyo yake.

Kwa hiyo tathmini hii inapima vitu vitatu kwa pamoja, maana havitenganishiki: tiketi, vifaa vya kuvumilia saa nyingi angani, na mshtuko wa utamaduni unaomsubiri abiria akishatua.

Ndani ya tiketi

Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, inapima maili. Unachagua kikomo cha maili 29,000, 34,000 au 39,000, yaani takriban kilomita 46,700, 54,700 au 62,800. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, hivyo hata kikomo cha chini huonekana kikubwa mpaka uanze kupanga. Ndege za muungano hupitia viwanja vikuu vya mashirika wanachama, na kila mji unaobadilishia ndege unaongeza maili. Miji miwili iliyo jirani inaweza kukugharimu maili elfu mbili za kwenda kuunganisha ndege katika mji wa tatu. Hata safari ya basi au treni kutoka mji uliotua hadi mji utakaopandia ndege inakatwa kwenye maili zako.

oneworld, muungano mwingine, inauza aina mbili. Global Explorer nayo inapima maili. oneworld Explorer haijali maili: inahesabu mabara, kuanzia 3 hadi 6, na inatoa vipande 4 kwa kila bara, isipokuwa Amerika Kaskazini yenye 6, ilimradi jumla isizidi 16. Huku safari ya nchi kavu inahesabiwa kuwa kipande kamili. Kwa anayetaka kwenda mbali kusini, Explorer inashinda waziwazi, kwa kuwa Sydney hadi Santiago ni kipande kimoja, sawa na safari ya saa moja kati ya miji miwili ya nchi moja.

Masharti ya msingi yanafanana: mwelekeo mmoja, ama mashariki ama magharibi, Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, kuanza na kumalizia nchi ileile, muda usiozidi mwaka. Ukikaa mahali zaidi ya saa 24, hicho ni kituo. Chini ya hapo unahesabiwa kuwa unaunganisha ndege tu, na ndiyo maana wajanja hujaza ratiba kwa mapumziko ya saa 23. Kwa macho, ni mji wa bure. Kwa mwili, ni usiku uliopotea, na hatuushauri zaidi ya mara moja katika safari nzima.

Bei hutegemea nchi unakoanzia, hivyo njia ileile inaweza kuwa nafuu ukiianzia kwa jirani. Kodi za viwanja na ada za mashirika huongezwa juu, na kwenye njia yenye viwanja vingi si fedha za kupuuza.

Sasa yale yanayoharibika. La kwanza ni herufi. Kila siti kwenye ndege huuzwa chini ya herufi ya daraja la nauli, na tiketi hizi hukubali herufi moja tu: oneworld Explorer ya daraja la kawaida hutaka L, ya daraja la biashara hutaka D. Abiria anaona mtandaoni kwamba ndege ina siti tele, anapiga simu kusogeza tarehe, anaambiwa hakuna nafasi. Hajadanganywa. Siti zipo, ila za herufi yake zimekwisha. Kubadilisha tarehe kwa kawaida hakulipiwi, lakini uhuru huo hauna thamani kwenye njia zenye ndege moja kwa siku, hasa za kuvuka Pasifiki kusini. Hizo zipangie tarehe halisi tangu mwanzo na uziache zilivyo. Kubadilisha njia ni jambo jingine kabisa: tiketi huandikwa upya, kodi hupigwa upya, na ada hudaiwa.

La pili ni kuponi. Tiketi moja ya kielektroniki hubeba kuponi 4, moja kwa kila kipande, hivyo safari ya vipande 16 ni tiketi nne zenye namba zinazofuatana. Shirika mojawapo likibadilisha saa ya ndege yake miezi mitano baadaye, nafasi yako husasishwa, ila tiketi yenyewe mara nyingine hubaki na saa za zamani. Matokeo huyaona kaunta, alfajiri, pale mhudumu anapokuambia jina lako lipo lakini tiketi haipo. Dawa yake ni ya dakika kumi: baada ya kila badiliko, mpigie aliyekutolea tiketi, mwombe akuhakikishie kwamba tiketi imeandikwa upya na kwamba kila kuponi iliyobaki iko wazi kutumika. Omba pia namba ya nafasi ya kila shirika. Ile uliyopewa na shirika lililouza tiketi mara nyingi haifunguki kwenye tovuti za wengine, na bila hiyo huwezi kuchagua siti.

La tatu ni kalenda. Ndege hufunguliwa kuuzwa takriban siku 330 hadi 360 kabla. Mtu anayesafiri mwaka mzima hawezi kuweka vipande vya mwisho siku anayonunua. Unaweka tarehe yoyote iliyopo, kisha unaisogeza kalenda ikifunguka. Na la nne, ambalo halina msamaha: ukikosa kupanda kipande kimoja bila kutoa taarifa, vilivyobaki vyote vinaweza kufutwa. Ukiamua kwenda kwa basi mahali ulipokuwa na kuponi, piga simu kabla ndege haijaondoka.

Mpangilio wa vituo una mitego ya karatasi pia. Marekani haina eneo la kuunganisha ndege bila kuingia nchini: hata ukikaa uwanjani saa mbili, unahitaji viza au kibali cha ESTA. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye miezi 6 mbele. Cheti cha homa ya manjano huwashika walioweka kituo cha Amerika Kusini au Afrika kabla ya Asia, kwa kuwa nchi inayokipokea huangalia ulikotoka, na haijali ulikozaliwa. Kukaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo hutosha kukuingiza kwenye sharti. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha.

Hukumu yetu juu ya tiketi yenyewe: nyota nne kati ya tano kwa mwenye safari ndefu nne au zaidi za kuvuka bahari na anayetaka mlinzi mmoja ndege zikikwama. Kwa anayetaka kuzurura eneo moja na kubadili mawazo kila wiki, nyota mbili. Huyo anunue tiketi za njia moja kadiri anavyokwenda.

Magharibi, ikiwezekana

Fomu ya kununulia inakuuliza mwelekeo kama vile unachagua rangi. Ndilo swali zito kuliko yote. Saa ya ndani ya binadamu ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ukienda magharibi kila siku inarefushwa, na mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja na nusu kwa siku. Ukienda mashariki, ni karibu saa moja. Juu ya hilo, safari za mashariki huangukia usiku: kuvuka Atlantiki kwenda Ulaya ni saa sita au saba, ukiondoa chakula na kutua unabakiwa na saa tatu au nne za kufumba macho, kisha unaamshwa kwa mkate na chai wakati mwili unadai ni usiku wa manane.

Aliyelazimika kwenda mashariki anaweza kujiokoa kwa mwanga, mradi asiutumie kinyume. Joto la mwili hufikia chini kabisa saa mbili hadi tatu kabla ya muda uliozoea kuamka. Mwanga ukikupata baada ya hapo, saa yako inawahishwa. Ukikupata kabla, inacheleweshwa. Chukua mtu anayeamka saa moja asubuhi. Kiwango chake cha chini ni karibu saa kumi alfajiri. Akiruka mashariki kwa kanda 8 za saa, saa hiyo ya nyumbani ni saa sita mchana anakotua. Ushauri wa mitaani kwamba toka ukaote jua la asubuhi unamrudisha nyuma! Siku ya kwanza avae miwani ya jua au akae ndani hadi adhuhuri, kisha atembee nje mchana wote, na kila siku asogeze zamu hiyo mapema kwa saa moja hivi. Akiruka magharibi kwa kanda 8, kiwango hicho huangukia saa mbili usiku: abaki nje mpaka jua lizame, na akishtuka saa tisa usiku asiwashe taa wala simu.

Melatonini, homoni ya usingizi, inasaidia kwa safari za kanda 5 na kuendelea. Dozi zinazotosha ni miligramu 0.5 hadi 5, humezwa wakati wa kulala wa huko ulikofika, kati ya saa nne na saa sita usiku. Ikimezwa mchana inaleta usingizi usiotakiwa na kuchelewesha mazoea. Mwenye kifafa au anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza. Nchi nyingine, Uingereza ikiwamo, huitoa kwa cheti cha daktari tu, hivyo usitegemee kuinunua njiani.

Mstari wa Tarehe wa Kimataifa nao una kodi yake. Ukiondoka Los Angeles usiku wa tarehe 10 kuelekea Auckland, unatua asubuhi ya tarehe 12. Ile ya 11 huioni kabisa. Ukirudi kinyume, unafika kabla ya saa uliyoondokea, siku ileile. Mabaharia waliobaki wa Magellan, wa kwanza kuizunguka dunia, walilijua hili mwaka 1522 walipofika Cabo Verde: hesabu yao ilisema Jumatano, bandarini ilikuwa Alhamisi. Leo hasara yake ni chumba kilicholipiwa usiku ambao hukuwepo duniani. Andika tarehe ya kutua, usiandike ya kuondoka, kwenye kila nafasi ya malazi.

Kidokezo ambacho wapangaji wachache hukitumia: safari ya kaskazini hadi kusini hainyang'anyi saa. London hadi Johannesburg ni takriban saa 11 angani na tofauti ya saa moja au mbili tu. Kipande kama hicho kikiwekwa katikati ya mzunguko kinachosha miguu, lakini kinaiacha saa ya mwili ilivyo.

Siti na vifaa, kwa ukweli wake

Kabini hujazwa hewa kwa kiwango kinacholingana na mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Boeing 787 na Airbus A350 hushikilia karibu mita 1,800, na tofauti hiyo huisikia kichwani baada ya saa kumi. Unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 20. Ukiwa na uchaguzi kati ya ndege mbili za njia moja, A350 yenye siti 3-3-3 hukupa siti ya upana wa sentimita 46 hivi, wakati 777 yenye 3-4-3 hukupa karibu 43. Ni sentimita tatu tu, lakini ndizo zinazoamua kama kiwiko cha jirani kitakuwa chako pia. Angalia mchoro wa siti wa ndege husika kwenye tovuti ya aeroLOPA kabla ya kulipia siti yoyote. Safu ya mwisho mara nyingi haiegemei nyuma. Safu ya mlango wa dharura ina nafasi ya miguu, ila meza hukaa ndani ya kiegemeo cha mkono, hivyo siti huwa nyembamba. Safu ya ukutani ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga.

*Soksi za kubana.* Hizi ndizo pekee tunazozipa alama zote. Mradi wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani, matokeo yake yakitolewa 2007, ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu maradufu kwa safari ya kukaa saa 4 au zaidi. Kwa hesabu halisi ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Ni ndogo. Lakini utafiti huohuo unasema hatari haiishi unaposhuka: hubaki juu kwa takriban wiki 4, na safari nyingi zilizosongamana huiongeza. Mzunguko wa dunia ndio hasa hizo safari zilizosongamana. Watumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango, wanene, na warefu zaidi ya sentimita 190 wasizipuuze. Nunua za chini ya goti, zenye mgandamizo wa milimita 15 hadi 20 za zebaki. Pima mzingo wa kifundo cha mguu na wa shavu la mguu asubuhi, kabla miguu haijavimba. Kosa la kawaida ni kukunja ukingo wa juu kwa kuwa soksi ni ndefu: mkunjo huo unakuwa kamba inayofunga damu, yaani kinyume cha ulichonunua. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya miguuni asizivae bila daktari.

*Mto wa shingo.* Ule wa umbo la U umeuzwa duniani kote kwa kosa la ubunifu: mnene nyuma, ambako siti tayari inasukuma kichwa, na mwembamba mbele, kidevu kinakoangukia. Ugeuze, uwazi uwe nyuma, na utakuwa mto mwingine. Mto wa Trtl, wenye kiunzi kigumu ndani ya kitambaa cha kujifunga, hukamata kichwa upande mmoja vizuri zaidi na huchukua nafasi ndogo begini, ila haumfai anayelala akigeuka-geuka. Mto wa kupuliza usiujaze ukiwa chini. Hewa iliyofungiwa hupanuka kwa karibu theluthi moja ndege ikifika juu, na mto unakuwa jiwe. Ukiujaza huko juu, utasinyaa wakati wa kushuka, wala haujatoboka. Sheria hiyohiyo ya hewa inatawala tumbo lako, kwa hiyo maharage na soda za uwanjani zina malipo yake saa mbili baadaye.

*Vipokea sauti vya kuzuia kelele.* Vizuri kwa mngurumo wa injini, dhaifu kwa sauti za watu. Vizibo vya sponji vya masikio hugharimu sehemu ndogo sana ya bei hiyo na hufanya kazi kubwa, mradi viingizwe ipasavyo: vifinye viwe kama uzi, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, sukuma, shikilia sekunde 20 hadi 30 mpaka vitutumke. Ukivaa vyote viwili, mtoto wa safu ya nyuma anakuwa habari ya mbali. Vitoe ndege ianzapo kushuka, na usilale wakati huo, maana kumeza mate ndiko kunakofungua masikio. Mwenye mafua apulize dawa ya kuzibua pua nusu saa kabla ya kushuka.

*Pawabenki.* Hapa kanuni zimekuwa kali. Hubebwa mkononi tu, kamwe kwenye begi la kukabidhi. Hadi wati-saa 100 hupita. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Kokotoa: uwezo wake kwa mAh (miliampea-saa) uliogawanywa kwa 1,000, mara 3.7. Ya 20,000 ni wati-saa 74. Tangu 2025 Singapore Airlines na Emirates wanapiga marufuku kuitumia ndani ya ndege, na safari za ndani ya China hukataa isiyo na CCC, alama ya usalama ya China. Kwa tiketi inayopita mashirika sita, fuata lililo kali kuliko yote. Hali kadhalika mzigo: kilo 7 za mkononi ndicho kikomo cha mashirika mengi, hata kama shirika lililokuuzia tiketi linaruhusu zaidi.

Vingine kwa ufupi. Kitambaa cha macho chenye vikombe, kisichogusa kope, kinafaa sana kwenye 787, ambako mwanga wa dirisha huendeshwa kwa kitufe na wahudumu wanaweza kuufunga au kuufungua kwa ndege nzima. Lenzi za macho zivuliwe. Chupa tupu ijazwe baada ya ukaguzi. Kifaa cha plagi za nchi zote hakibadilishi umeme: kikausha nywele cha volti 230 hakitafanya kazi ya maana kwenye volti 100 za Japani, na cha volti 120 kitaungua Ulaya. Dawa za usingizi tunazipa sifuri kwa daraja la kawaida, kwa kuwa humlaza mtu saa sita bila kusogeza mguu, amekaa. Afadhali kuinua visigino mara 20 kila nusu saa na kusimama kila saa mbili, hata kama itabidi kuruka magoti ya watu wawili.

Mshtuko ambao hauna kifaa

Neno lenyewe, mshtuko wa utamaduni, lilienezwa na mwanaanthropolojia wa Kanada, Kalervo Oberg, katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, ikachapishwa 1960. Dalili alizozitaja zingali zilezile: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji na chakula, hofu ya kuibiwa au kupunjwa, hasira kwa vichelewesho vidogo, macho yanayotazama mbali bila kuona. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, aliyechunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa masomo na utafiti, alikuta waliosumbuka zaidi ni waliokaa kati ya miezi 6 na 18. Hapo ndipo lilipozaliwa lile pinda la U, furaha, mporomoko, kisha kupona, ambalo vitabu vya wasafiri hulirudia.

Pinda hilo halimhusu mzungukaji wa dunia. Hakai miezi sita popote. Anachokipata ni wiki ya kwanza, kisha wiki ya kwanza tena, mara kumi. Kila kituo kinamdai ajifunze upya fedha, nauli, salamu, foleni, upande wa magari, na kabla hayajakaa kichwani anapanda ndege. Uchovu wake ni wa maamuzi madogo yasiyoisha, na unafanana mno na uchovu wa usingizi. Ndiyo sababu tunasema vipimwe pamoja. Siku ya tatu baada ya kuvuka kanda 9, mtu anayemfokea dereva wa teksi anaamini ameudhiwa na nchi. Mara nyingi ameudhiwa na saa tisa za usiku alizokesha.

Kinachosaidia ni kupunguza maamuzi ya saa za mwanzo. Kwa kila nchi andaa karatasi moja, ya karatasi kweli, kwani simu itazimika: anwani ya malazi kwa maandishi ya huko; njia moja tu ya kutoka uwanjani na bei yake ya kawaida; viwango vitatu vya fedha ulivyovikariri, cha chupa ya maji, cha nauli ya basi na cha mlo wa mchana, ambavyo vinatosha kukuonyesha kama umepunjwa; kama bakshishi inatarajiwa au inaudhi; aina ya plagi; namba ya dharura; na upande wa magari. Hili la mwisho si dogo. Ukitoka Marekani au China, ambako magari hupita kulia, ukaingia Japani, Thailand au Australia, ambako hupita kushoto, shingo yako itageukia upande usio na gari kwa siku kadhaa. Vuka kwenye taa tu kwa saa 48 za kwanza. Laini ya simu ya kidijitali inunuliwe kabla ya kuruka, na malazi ya usiku mbili za mwanzo yawe yamelipiwa.

Kisha mpangilio. Usiweke nchi ngeni kuliko zote mwishoni mwa ndege ndefu kuliko zote, ingawa ramani itakushawishi. Baada ya kuvuka Pasifiki, tua mahali unapoweza kusoma mabango. Mahali penye maandishi usiyoyajua na bei za kupatana, fika kwa ndege ya saa tatu, mchana, ukiwa umelala. Kila kituo kipewe usiku 4 kwa uchache, na kila baada ya vituo vitatu, usiku 7 hadi 10 mahali pamoja, penye jiko. Jiko lina kazi kuliko hoteli nzuri: kula kitu unachokijua, saa unayoitaka, bila kumwomba mtu, kunarudisha utulivu haraka kuliko vivutio vyovyote. Kwa wanaosafiri wawili, kila mmoja apate saa tatu zake peke yake kila siku. Ugomvi mwingi wa njiani huanza kwa swali la wapi kula.

Dalili za kuzidiwa zinajulikana: kubaki chumbani, kuagiza chakula kilekile siku nne, kulinganisha kila kitu na nyumbani. Zikija, usibadilishe njia ya tiketi ndani ya saa 48. Sogeza tarehe tu, ambayo kwa kawaida haikugharimu kitu, na ulale.

Kurudi nako kuna mporomoko wake. John na Jeanne Gullahorn walilieleza hilo mwaka 1963, wakilirefusha pinda la U liwe W: nyumbani panageuka ugenini kwa muda. Tiketi hii inalikuza jambo hilo kwa kuwa wengi huweka ndege ndefu ya mwisho Jumapili na kurudi kazini Jumatatu. Kituo cha mwisho kiwe karibu na nyumbani, ndege iwe ya mchana, na siku tatu tupu ziwekwe baada yake. Kuponi ya mwisho nayo isisubiri ukingo wa mwaka. Uhai wa tiketi huhesabiwa tangu kipande cha kwanza, na dhoruba ya siku moja wiki hiyo inaweza kukuacha na kuponi iliyokwisha muda ukiwa upande wa pili wa bahari. Iwekee nafasi ya wiki mbili.